Hodi Pangoni

Magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Miezi ya mwisho nilikuwa nateremka pangoni kwa kutanguliza ubavu kama kaa, nikiwaambia wageni kwamba ndiyo njia ya kitaalamu. Nao wakaniiga. Ukivaa sare na kofia ngumu, watu watakuiga hata ukiwa umepotea.

Lindiwe, ambaye sasa ndiye mkuu wa waongozaji, ameniomba niandike chochote kwa ajili yenu mnaoanza kazi. Nilimwambia nimechoka. Akasema, "Andika hata ukiwa umelala, Mzee Rashidi." Basi naandika nikiwa nimelala, hapa chumbani kwangu Troyeville, mguu mmoja juu ya mto. Habari za vyeo na mishahara mtaulizana wenyewe kwenye gari la asubuhi. Mimi nitaandika ya mle ndani, na zaidi habari ya mlango wa stoo, kwa sababu kila mwongozaji mpya anaambiwa asiugonge, na hakuna anayemweleza kwa nini.

Kazi hii niliipata kwa uongo mdogo. Nilikuwa naosha vyombo katika mgahawa mmoja Braamfontein, jirani na chuo, na mwalimu mmoja Mkenya aliyekuwa akija kunywa chai alinidokeza kwamba kuna pango la watalii huko vilimani, magharibi ya jiji, wanatafuta mtu. Nikaenda. Waliponiuliza kama nayajua mapango, nikasema mimi ni mtu wa Tanga, kwetu kuna mapango makubwa, nimekulia huko. Kweli ni kwamba shule ilitupeleka mara moja, popo akanipita sikioni, nikamalizia safari nje nikila mua. Lakini mwenye shida hachagui, na bwana aliyekuwa akiniuliza hajawahi kufika Tanga.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Ntate Molefe. Ntate ni heshima ya kwao, kama sisi tunavyosema baba. Alikuwa mzee mwembamba mwenye kikohozi, aliyemaliza ujana wake chini ya ardhi akichimba dhahabu ya watu. Alinitazama viatu, akanitazama uso, akasema, "Wewe hujawahi kuingia pangoni." Akanipa kofia na tochi ya kichwani, akasema afadhali mtu asiyejua kuliko anayejua vibaya, tuingie.

Ntate alikuwa na fimbo yenye ncha ya chuma. Kila asubuhi, kabla ya mgeni yeyote kukanyaga, aliingia peke yake akigonga dari na kuta, hatua kwa hatua, sikio limeinama. Jiwe zima hutoa sauti kavu, ya juu. Jiwe lililoachana na wenzake hulia kama debe tupu. Likilia hivyo, usipite chini yake, usimwite meneja aje mshauriane hapo hapo chini yake, rudi nyuma kwanza. Hili nawaandikia waziwazi kwa sababu siku hizi nawaona vijana mkiingia asubuhi na simu mkononi badala ya fimbo. Simu haiwezi kusikia jiwe.

Ni fimbo hiyo iliyoanzisha mambo yote. Pango letu linaishia kwenye chumba tunachokiita Bustanini. Zamani dari ya upande mmoja ilibomoka, kukawa na shimo linalotazama juu, na kila mvua inaleta udongo, majani na konokono. Udongo ule umejikusanya kwenye kona yenye giza, na humo wanaishi watoto wa kimulimuli, wale ambao bado hawajaota mbawa. Ni vidudu virefu, vyeusi, vibaya kwa sura, vinavyokula konokono. Ukiviona kwa tochi huwezi kuvipenda. Ukizima tochi, na ukigonga ukingo wa mbao uliozungushiwa ile kona, vinawaka, mkiani, rangi ya kijani hafifu. Kimoja, viwili, halafu kona nzima.

Mara ya kwanza kuona, Ntate alizima taa bila kuniambia. Giza la mle si giza la umeme kukatika. Nikasikia fimbo, ko, ko, ko, na mimi, mtoto wa Kitanga niliyelelewa na bibi, nikasikia mtu anabisha mlango. Mdomo ukatangulia akili, nikasema, "Hodi." Vikawaka. Ntate akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Kesho yake, mbele ya wageni, akaniambia nifanye tena.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa ule mchezo ambao baadhi yenu mmeukuta kwenye picha za zamani. Fimbo ya mchimba dhahabu na hodi ya Tanga. Nilikuwa nawafundisha wageni waseme wote pamoja, hodi, nami nagonga, vidudu vinawaka, na mimi nasema kwa sauti ya mwenye nyumba, "Wanasema karibu." Wajerumani, Wachina, walimu wa Soweto na wanafunzi wao, wote wakisema hodi. Mara tatu, si zaidi. Bibi yangu alikuwa akisema hodi ya kwanza ni ya mgeni, ya pili ni ya jirani, ya tatu ni ya mwenye haja, na ya nne ni ya askari. Ukishabisha tatu hujaitikiwa, geuka uende zako, mwenyewe hayupo, au yupo na hakutaki. Yote mawili ni haki yake.

Ntate aliwahi kuniambia, tukiwa tunakula mkate nje, kwamba wale hawasemi karibu. "Wanawaka kwa sababu wameguswa," alisema. "Hakuna mnyama anayefurahi kugongewa nyumba." Nikamwambia wageni wanapenda. Akainua mabega, akaendelea kutafuna. Hakuwa mtu wa kurudia neno.

Sasa niwape ya kazi kidogo, kabla magoti hayajanikatiza. Wenye manukato makali wapelekeni nyuma ya msafara, popo hawapendi. Mwenye wigi avae kofia mwenyewe, msimvalishe, nina sababu zangu. Mrefu kuliko wote awe wa kwanza nyuma yako, ili kila anapojigonga kichwa wengine wasikie na wainame. Anayesema "mimi siogopi" kabla hajaulizwa, huyo ndiye wa kumshika mkono.

Na kule kwenye upenyo tunaouita Tumbo la Bahili, mtu akikwama msimvute. Nilimpata bwana mmoja mkubwa, mtu wa kwaya, amebanwa kifuani, jasho linamtoka, mke wake nyuma anamsukuma na mpwa wake mbele anamvuta, kila mmoja kwa mapenzi yake. Niliwaambia wote wamwache. Nikakaa chini mbele yake, nikamuuliza kwaya yao inaimba sauti ngapi. Akaanza kunieleza. Mtu akieleza anatoa pumzi, na akitoa pumzi anapungua. Nikamwambia ageuze bega la kushoto. Akatoka. Kazi yetu kubwa ni hiyo, kukaa chini na kungoja, na ndiyo inayochosha kuliko kubeba.

Miaka ikaenda hivyo. Ntate akaacha kazi, kifua kimemshinda, akaniachia fimbo. Ndipo akaja Mama Furaha.

Alikuwa mtu wa Bukavu, fundi cherehani, anaishi Bertrams na wanawe wawili. Aliajiriwa kushona ovaroli za wageni na kinga za magoti, na kutunza stoo ya kofia na tochi. Hodari kupita kiasi. Ovaroli alizokuta zilikuwa zimepasuka makalio zote, kwa sababu kila mgeni huteleza akakaa. Yeye alizishonea kiraka cha turubai pale pale panapokaliwa, na hazikupasuka tena. Aliniita Papa, kama Wakongo wanavyomwita mtu mzima, na ovaroli yangu aliitia mfuko wa siri wa pipi za tangawizi.

Tatizo lilikuwa mlango. Stoo ile ina mlango wa bati na komeo kubwa kwa ndani. Mama Furaha alikuwa akiingia asubuhi, anafunga komeo, na akigongewa hafungui. Si kwamba hasikii. Wageni wanasimama juani, mwongozaji anagonga, anagonga zaidi, ndani kimya kama hakuna mtu. Mwisho inabidi mtu aende kwenye kidirisha cha nyuma amwone amejibana pembeni mwa kabati, mkasi mkononi. Akishaona sura anayoijua anatoka, anaomba radhi, anagawa kofia. Kesho yake ni hivyo hivyo.

Vijana wakaanza kumcheka. Kulikuwa na mmoja, ameshaondoka, aliyekuwa akipiga bati kwa ngumi makusudi, apate kuona atafanya nini. Nilimwambia siku akikwama Tumbo la Bahili nitakwenda kula chakula cha mchana kwanza.

Meneja wetu wakati huo alikuwa Charmaine, mwanamke wa haki lakini mwenye haraka. Aliniita ofisini, akaniambia, "Wewe unazungumza lugha yake. Mwambie nampa mpaka mwisho wa mwezi. Siwezi kuwa na stoo isiyofunguka." Nilijua maana yake. Mama Furaha alikuwa akilisha watoto wawili kwa kazi ile, na mume alikuwa Durban akitafuta chake, hajakipata.

Nikamweleza ndani ya gari, tukirudi mjini, tumekaa kiti cha nyuma. Hakulia. Akaniambia huku akitazama nje. Alikuwa na duka lake la kushona, mtaa mmoja sitautaja, wakati ule watu walipokuwa wakivunja maduka ya watu waliotoka nchi nyingine. Walikuja mchana. Walipiga mlango mpaka bawaba zikang'oka. Yeye na watoto walikuwa chini ya meza ya kukatia, amewafunika vitambaa. Walichukua cherehani zote, wakachukua hata pasi, hawakutazama chini ya meza.

"Mi najua hapa si kule, Papa," alisema. "Kichwa kinajua. Lakini mukono ikipiga mlango, miguu inakataa."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Methali hiyo tunaisema tukitabasamu, lakini yule mama hakuwa na la kutabasamia. Nikamuuliza, wale watu walisema nini walipofika. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Habakusema kintu. Nani anaweza kusema hodi na panga?"

Neno hilo likanipa njia. Asubuhi iliyofuata nilikwenda stoo, mikono nikaiweka nyuma, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Hodi." Kimya. Nikangoja. "Hodi, mama." Kimya. Nikangoja zaidi. Ya tatu nikaisema polepole, na nilikuwa nimekwisha kugeuka niende zangu, kwa sababu desturi ni desturi, ndipo nikasikia komeo. Kraa. Mlango ukafunguka nusu, akasema, "Karibu."

Nikawafundisha waongozaji wote. Lindiwe, wakati huo bado mgeni kazini, alisema hata kwao kwa bibi yake KwaZulu huendi kugonga mlango wa mtu, unasimama nje ya uwanja unaita "Ekuhleni" mpaka uitikiwe. "Kugonga ni tabia ya mjini," alisema. Akawa hodari wa hodi kuliko Mtanzania. Lakini wageni hatukuweza kuwazuia. Mgeni akiona mlango uliofungwa, mkono unakwenda wenyewe. Wakigonga, mama anarudi pembeni mwa kabati, na mwisho wa mwezi unakaribia.

Hapo ndipo mimi, kwa werevu wangu, nikabuni dawa. Nilijiambia huyu mama hajawahi kuingia pangoni. Akiona mahali ambapo kugonga kunaleta mwanga, ambapo mtu anabisha, anaambiwa karibu, kona nzima inawaka, moyo wake utajifunza upya. Nililiona ni wazo zuri sana. Nililala nalo kwa furaha.

Tukaingia siku moja ya katikati ya juma, mchana, msimu wa mvua, hakuna msafara. Alikuwa amevaa ovaroli aliyoishona mwenyewe na kilemba chini ya kofia. Tumbo la Bahili alilipita kwa urahisi kuliko mimi. Tulipofika Bustanini nikamwonyesha ukingo wa mbao, nikamwambia ashike hapo, nazima taa, asiogope, ataona kitu kizuri. Akasema, "Sawa, Papa." Aliniamini, na hilo ndilo linaloniuma hata leo nikilikumbuka.

Nikazima. Nikagonga ule ukingo kwa fimbo, ko, ko, ko, kama nilivyogonga miaka yote, nikasema hodi. Kidudu kimoja kikawaka, viwili, kona nzima. Na mimi, na mdomo wangu wa kazi, nikasema, "Unaona? Wanasema karibu."

Sikumsikia hata akipumua. Nilinyoosha mkono nikamkuta amechuchumaa chini, ameshika ukingo kwa mikono miwili. Nikaanza kutafuta swichi ya tochi. Akasema, "Wacha. Usiwashe." Sauti yake ilikuwa chini kabisa.

"Hawa habaseme karibu, Papa. Hawa banaogopa."

Nikaiweka fimbo chini.

"Mi najua," alisema. "Ile siku, chini ya meza, simu ya Furaha iliwaka. Mwanga kidogo, rangi sawa hii. Nikaibana hapa kwa tumbo, isionekane. Nikasema Mungu wangu, izime. Hawa nabo, ukibagonga, mwanga inabatoka bila kutaka." Akauachia ukingo. "Usigonge tena. Tungoje."

Tukangoja. Vidudu vikazimika, kimoja kimoja, mpaka giza likarudi lote. Nilikaa chini kwenye udongo mbichi, kwa sababu ya magoti. Niliona aibu. Baada ya aibu nikaona uchovu, uchovu mkubwa wa miaka yote ya kusimama pale nikiwatafsiria watu hofu kuwa salamu. Ntate Molefe alikuwa ameniambia kwa Kiingereza chake cha migodini, huku anatafuna mkate, na nilikuwa nimesikia vizuri kabisa.

Sijui tulikaa kiasi gani. Maji yalikuwa yakidondoka mahali fulani. Halafu, kwenye kona ya chini, kidudu kimoja kikawaka chenyewe. Hakuna aliyegonga, hakuna aliyesema kitu. Kikatembea na mwanga wake polepole juu ya jani, kikaenda kwenye shughuli zake.

"Huyu," alisema Mama Furaha, "huyu ameamua mwenyewe."

Tulipotoka nje nilikwenda moja kwa moja ofisini na udongo wangu matakoni. Nilimwambia Charmaine mambo mawili. La kwanza, mimi sigongi tena ukingo. Wageni watasema hodi kwa mdomo, taratibu, watakaa chini wangoje, na wasipoona kitu watarudi. La pili, mbele ya stoo liwekwe benchi, wageni wakae, mwongozaji peke yake ndiye aende mlangoni, aseme hodi mara tatu kwa mdomo, asiguse bati. Charmaine aliniuliza kama nimeangukia kichwa. Akasema watu wanalipa waone vidudu, hawalipi wakae gizani. Nikamwambia basi atafute mgongaji mwingine, fimbo hii hapa. Niliiweka mezani kwake. Sijawahi kuwa jasiri kazini, mniamini, na siku ile hata haukuwa ujasiri. Nilikuwa nimechoka tu, na mtu aliyechoka sana ni vigumu kumtisha.

Akaitazama ile fimbo. Akasema, "Jaribuni mpaka mvua ziishe."

Mwanzoni waliolalamika walikuwa wengi. Kundi moja la vijana wa ofisini walikaa gizani, wakacheka, wakapiga miluzi, hawakuona hata kimoja, wakaenda kuandika mtandaoni kwamba pango letu ni tupu. Lakini wengine walikaa. Nimeona watu wazima wamekaa kwenye mkeka gizani kimya, wameshikana mikono na wasiowajua, wakingoja kidudu kinachokula konokono. Kikiwaka kimoja, wanashusha pumzi wote pamoja. Hapo zamani kona nzima ilikuwa ikiwaka nao wakipiga picha na kuuliza choo kiko wapi. Mvua zilipoisha Charmaine hakusema kitu. Benchi lilibaki, na Mama Furaha akabaki na kazi yake.

Ila msidhani alipona. Nasema hivi kwa sababu watu wanapenda hadithi iishe upesi. Aliitikia hodi, ndiyo, lakini komeo liliendelea kufungwa. Kila asubuhi, miaka yote iliyofuata, hodi, hodi, hodi, halafu kraa. Nilizoea mlio ule kama wengine wanavyozoea adhana ya jirani. Furaha alikua, akaingia chuo Braamfontein, akawa anamjibu mama yake kwa Kiingereza, na komeo bado kraa. Ntate Molefe alifariki, nikaenda kumzika na fimbo yake mkononi, wanawe wakakataa kuipokea, wakasema ni ya pangoni. Iko ukutani kwa Lindiwe. Itumieni asubuhi, kwenye dari. Ukingo msiuguse.

Siku yangu ya mwisho nilitaka ipite bila hotuba. Nilipata kundi la wastaafu wa shule fulani, wengine magoti yao mabaya kuliko yangu, tukateremka ubavu ubavu kama familia ya kaa. Bustanini tulisema hodi ya kwanza, tukangoja. Ya pili, tukangoja. Ya tatu nikaisema mimi peke yangu, na nilingoja kuliko kawaida, nadhani mnaelewa kwa nini. Hakikuwaka hata kimoja. Bibi mmoja akaniambia, "Pole, mzee." Nikamwambia si kitu, ndiyo kanuni, twende. Lakini moyoni niliumia. Mtu hupenda kuagwa.

Nikatoka na kofia za kundi zima, nimezipanga kifuani mpaka kidevuni, tochi zinaning'inia. Mchana ule nilikuwa nimepita stoo mara nyingi nikichukua hiki na kile, na kila nilipopita nilipaza hodi nikiwa mbali, nikachukua vitu benchini alikoniwekea, nikaenda bila hata kuinua macho. Ukichoka hutazami mlango, unatazama unapokanyaga. Sasa nilikuja na mzigo ule, mkono haupo, pumzi haipo, miaka yote imenikalia magotini. Na goti langu, lile bovu, likalegea, likapiga bati. Likapiga tena nilipojaribu kusimama. Mlio ukaenda mpaka vilimani.

Nilisimama pale nimeganda. Miaka yote nimewakaripia vijana, nimemfukuzisha yule wa ngumi, halafu ni mimi. Nikasema kwa sauti ndogo, "Mama Furaha, ni mimi, nisamehe, ni goti." Nikasikiliza komeo. Hakuna komeo. Nilimwona kwa akili yangu pembeni mwa kabati na mkasi wake, nikatamani ningestaafu jana.

Sauti yake ikatoka ndani, karibu sana, na cherehani ikaendelea kuzunguka chini yake.

"Unagonga nini, Papa? Mlango uko wazi."

Nikainua macho juu ya zile kofia. Mlango ulikuwa umeachana na fremu, upana wa kiganja, na kwa pale goti lilipoupiga ulikuwa unaendelea kufunguka wenyewe taratibu. Nilimwona amekaa mbele ya cherehani, uso umeelekea mlangoni, si ukutani kama siku zote. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya kitambaa.

"Tangu saa ngapi?" nikamuuliza.

"Tangu asubuhi. Unapita, unasema hodi, unakwenda. Nikasema huyu atachoka, ataona."

Hakukuwa na kitu kati yangu na yeye. Ningeweza kuingia tu. Nilisimama kizingitini na zile kofia zangu, goti linanidunda, nikasema hodi hata hivyo, nikangoja.